Maua ya Uzio wa Jackline

Rujewa, Jumatano

Mpendwa Damari,

Salamu nyingi zikufikie hapo Iringa, wewe na wanao. Je, kifua cha mama kimepata nafuu na baridi hiyo? Sisi huku tu wazima, ila mimi chakula hakipiti.

Unajua tangu shuleni nilivyopenda maua yasiyo na mwenyewe. Mvua zikinyesha huku, uzio wa michongoma wa jirani yangu Jackline hufunikwa na maua ya zambarau yanayotambaa, na alizeti pori hujichomoza katikati. Hakuna aliyeyapanda. Kila alfajiri nilichuma machache, nikayapanga mbele ya picha za miungu yetu, mengine kwenye chupa juu ya kaunta ya duka. Yakinyauka niliyaachia mfereji wa mpunga uyachukue, kama mama yangu alivyonifundisha.

Mwezi uliopita mtoto wa Jackline aliugua, akawa anaweweseka kwa homa. Mtu akasema ameona maua yakielea kwenye mfereji, kwamba ni uchawi. Wakaja watu kama ishirini dukani. Mume wangu Mahendra alikuwa Mbeya kufuata bidhaa. Waliuliza ni nani anayechuma maua gizani na kuyatupa majini. Mmoja alishika panga. Labda alitoka shambani tu, lakini sikuweza kuangalia kitu kingine.

Damari, mama yako mdogo Lusia, uliyeniletea mwenyewe anisaidie kazi, alikuwa nyuma yangu akipepeta mchele. Nikasema, "Mimi siyajui. Muulizeni Lusia."

Aliniangalia, akaweka ungo chini, akasema, "Ni mimi."

Hawakumpiga, namshukuru Mungu, lakini walimfukuza mtaani siku ileile. Yuko Madibira kwa kaka yake, na simu zangu hapokei.

Mtoto alipimwa, ni taifodi, na sasa anacheza. Jana nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa nikakiri mbele ya Jackline kwamba maua yale nilichuma mimi. Jackline akauliza, "Sasa yule mama tulimfukuzia nini?"

Kesho nakwenda Madibira. Naogopa atakavyoniangalia. Wewe nimekuandikia kwa sababu kwenye simu ningesikia sauti yako ikibadilika.

Wabusu watoto. Mama msalimie, na ukimweleza habari za mdogo wake, usifiche jina langu.

Ni mimi,
Kumud