Pleti Ndani ya Ini

Tarehe 6 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia na mashine ya kusaga haijakukatia tena mkanda. Sisi huku, nisikudanganye, si wazima.

Naandika kwa sababu masikio yako yaliishia kwenye mashine hiyo, na jambo lenyewe si la kupigia kelele kwenye simu huku wateja wamesimama. Juzi nilikwenda kliniki. Mimba ina miezi minne, moyo wa mtoto unapiga vizuri. Wakachukua damu kama wanavyochukua ya kila mjamzito, nikarudi dukani kumalizia kuchapa oda ya vitabu vya risiti. Jana wakaniita. Daktari alifunga mlango kabla hata hajanikaribisha kiti, nikajua.

Nina kirusi cha homa ya ini, aina ya B. Na hakijaanza leo, mama. Mililita moja tu ya damu yangu ina nakala zake milioni mia mbili. Mimi ninayehesabu karatasi kwa rimu nilidhani nimesikia vibaya, nikamwomba aniandikie. Akaandika mbili, akaongeza sifuri nane.

Kinapita kwa damu, kwa mambo ya kitandani, na kwa mama kumpa mtoto anapomzaa. Daktari alizitaja njia zote tatu, mimi nikasikia moja. Nikamfuata mume wangu, huyo fundi wangu wa umeme, huko alikokuwa anavuta nyaya, nikamwambia mbele ya wenzake ashuke kwenye ngazi aniambie amekitoa wapi. Alishuka taratibu, koleo mkononi. Akasema, "Mke wangu, hicho unachokitaja mimi hata sijui kinaandikwaje." Nikamwambia akajifunze kukiandika huko atakakolala. Analala dukani, juu ya katoni za karatasi.

Nilichonacho nimekijenga mwenyewe, kuanzia ile mashine mbovu ya kudurufu. Sikumuibia mtu. Sasa kuna mtu kaniingizia mwizi mwilini, na mwizi huyo anamsubiri mwanangu mlangoni. Niambie nifanye nini.

Mwanao


Tarehe 19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, mara ya tatu sikuimaliza. Mkanda nimebadilisha. Kifua ni kile kile.

Huyo mkwe muache hapo hapo kwenye katoni. Sijawahi kusikia mwanamume aliyeshushwa kwenye ngazi akakiri.

Ila nijibu haya kwanza. Macho yako yakoje, weupe wake umegeuka manjano? Chini ya mbavu upande wa kulia pana maumivu? Miguu inavimba? Damu inakutoka puani? Usinifiche hata kimoja. Na usinywe mizizi ya mtu yeyote, hata akikuapia. Fuata cha daktari tu.

Mama yako


Tarehe 12 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na kifua. Macho yangu meupe, miguu haijavimba, puani hapatoki kitu. Mtoto ameanza kucheza, hasa mashine ya kukatia karatasi ikiwaka.

Nimeaibika, mama. Fundi wangu amepimwa. Hana. Hana kabisa, na wameshamchoma sindano ya kwanza ya kinga ili asije akakipata kwangu. Jioni amerudi nyumbani na mto wake kwapani, akauliza kama ile ngazi sasa anaruhusiwa kuipanda. Nimecheka huku nalia.

Basi nikarudi kwa daktari, nikamwambia anieleze kitu hiki kinafanyaje kazi, na asinieleze kama mtoto. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema napiga chapa. Akasema vizuri, tutaelewana.

Fikiria mteja anayekuja dukani kwangu mikono mitupu. Hana mashine, hana wino, hana karatasi. Ana pleti tu, lile bati jembamba lenye maandishi ya kuchapwa. Huyo ndiye kirusi. Maandishi yake ni DNA, kama yetu. Kinabisha kwenye seli ya ini, seli inamfungulia kwa kumdhania mwenyeji. Kikishaingia kinavua koti lake na pleti inapelekwa moja kwa moja kwenye kiini cha seli, chumba cha ndani, mahali tunapohifadhi maandishi yetu wenyewe. Na sikia hili: pleti hiyo hufika na pengo, haijakamilika. Mafundi wa seli, kwa uaminifu wao, wanaliziba pengo. Wanaikamilisha kuwa duara, wanaiweka kwenye rafu. Wamemtengenezea mwizi ufunguo.

Kuanzia hapo mashine zetu zinachapa kazi yake. Zinatoa maagizo: tengeneza makoti mengi, tengeneza na kifaa kimoja anachokihitaji. Agizo moja refu linafungwa ndani ya koti pamoja na kile kifaa, na kifaa kinaligeuza kuwa DNA upya. Nakala mpya inajifunga utando wa seli yetu na kutoka mlangoni kama mteja aliyelipa. Nyingine hazitoki, zinarudi kiinini kuongeza pleti. Seli yenyewe haifi kwa hilo. Inachapa tu, mwaka hadi mwaka. Ini linakuja kuharibika pale askari wa mwili wanapoamka na kuvamia duka lao wenyewe.

Nikauliza dawa inafanya nini. Inakiziba kile kifaa. Nakala zinapungua mpaka zinakaribia kwisha. Pleti je? Akasema, "Pleti inabaki." Ndiyo maana kidonge ni cha kila siku. Nitakimeza, ili siku ya kujifungua damu yangu iwe na nakala chache, na mtoto atachomwa sindano mbili mara akitoka, kabla kirusi hakijapata mlango. Zikichelewa, hazifai kitu.

Sasa hesabu. Mtu mzima akipata kirusi hiki, katika mia wanaobaki nacho hawafiki hata watano; wengine mwili unakifukuza. Mtoto mchanga akikipata kwa mama yake, katika mia wanabaki nacho tisini. Mimi nimebaki nacho. Daktari anasema yaelekea nilizaliwa nacho.

Mama, sikulaumu. Hukuwa na wa kukuambia. Lakini nenda ukapime, kwa sababu kama unacho, hicho kifua si cha kupuuzia. Nenda kesho. Funga mashine siku moja, unga utasubiri.

Mwanao


Tarehe 30 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana barua ya Machi hujaijibu, na nilipompigia jirani yako akusemeshe, umemwambia anisalimie tu. Mimi sihitaji kusalimiwa. Nahitaji majibu yako.

Nameza kidonge kila asubuhi. Nakala zimeshuka kutoka milioni mia mbili hadi elfu arobaini. Tumbo limekuwa kubwa, wateja wananipisha.

Kama unaogopa sindano, mimi nimechomwa mara ngapi? Kama unaogopa jibu, mimi jibu hilo ninalo tayari. Nenda, mama. Nakuomba.

Mwanao


Tarehe 14 Mei

Mwanangu,

Nakusalimu na wote wa nyumbani, na huyo fundi umwambie nimemkosea.

Nimepima. Muuguzi ameniambia sina kirusi, na damu yangu haina hata alama kwamba niliwahi kukutana nacho. Nikamwomba arudie. Akarudia. Najua utapiga hesabu kabla hujafika mwisho wa ukurasa, kwa hiyo nakuwahi, ulisikie kwangu.

Sikukuzaa.

Ile picha ya ukutani, wasichana wawili mlangoni pa nyumba yetu ya zamani, uliyokuwa ukiulizia huyu mfupi ni nani nami nakujibu ni mama yako mdogo, marehemu. Mdogo wangu ndiye aliyekuzaa. Aliyempa mimba hakuonekana tena. Wewe ulikuwa umeanza kusimama alipougua. Macho yakawa ya manjano, tumbo likavimba, damu ikawa inamtoka puani. Hospitali walisema ini limekwisha. Watu walisema amelishwa kitu, na kilichomuua kiko kwa mtoto. Hakuna aliyetaka kukushika. Hata kwenye mazishi wewe ulikuwa mgongoni mwangu, na watu walinipa mkono wakiwa wameunyoosha kwa mbali.

Nikachoma godoro lake, nguo zake, vitana vyake, kila alichokigusa. Nikakuchukua, nikahamia pasipotujua mtu, nikaanza kusaga unga wa watu. Ile picha nilitaka kuichoma pia, mkono ukagoma.

Uliponiandikia mara ya kwanza nilijua. Nilikuuliza macho kwa sababu nilikwisha kuyaona.

Mama yako mkubwa


Tarehe 2 Juni

Kwako,

Nimepata barua. Daktari hakuniuliza macho wala pua. Ni wewe uliyeniuliza, na mimi mjinga nikakujibu kimoja kimoja.

Ulijua tangu Februari. Ukaacha mume wangu alale kwenye katoni. Ukaacha niende kwa daktari na kusema kwetu hakuna mgonjwa wa ini, akaandika hakuna. Maisha yangu yote nimejaza "mama" kwenye fomu kwa jina lako, na nimechapa kadi ya harusi yangu kwa jina hilo, mia tatu, kwa mashine yangu mwenyewe.

Unasema ulichoma kila alichokigusa. Kuna kimoja hukukichoma. Kiko kwenye ini langu, maandishi yale yale aliyokuwa nayo yeye, yanachapwa mpaka leo. Ndicho pekee cha mama yangu nilichonacho.

Usinijibu.

Mpiga chapa


Tarehe 11 Juni

Mwanangu,

Umesema nisijibu, nami najibu. Ukitaka uichane.

Fundi wako sina la kujitetea. Nilimwacha abebe lawama isiyo yake.

Neno mama sikukufundisha. Ulianza kusema siku moja napepeta unga, wewe pembeni, ukaniita hivyo mwenyewe, ukacheka. Nilipaswa kukusahihisha. Siku ile sikukusahihisha, na kila mwaka uliopita ulifanya iwe ngumu zaidi.

Zile sindano mbili za mtoto, hakikisha zipo hospitalini kabla hujaingia. Usikubali kuambiwa njoo Jumatatu.

Mama yako mkubwa


Tarehe 9 Agosti

Mwanangu,

Kwa hesabu yangu umekwisha kujifungua. Sijui kama ni wa kike au wa kiume, wala kama sindano zilikuwepo. Jirani anasema simu yenu inaita tu. Sidai kitu. Andika neno moja kwenye karatasi, hata kama ni "ndiyo" au "hapana". Nitaelewa.

Mama yako mkubwa


Tarehe 24 Mei

Mama,

Shikamoo. Hujambo na kifua? Kwetu wote wazima, na safari hii nasema kweli.

Nimekaa kimya karibu mwaka mzima. Mwanzo ilikuwa hasira. Baadaye ilikuwa jibu moja nililokuwa nalisubiri, na sikutaka kukuletea nusu.

Ni wa kike. Sindano zilikuwepo. Fundi wangu alizifuatilia wiki nzima kabla, mpaka mtunza dawa akamuuliza kama anataka kuajiriwa. Mtoto alichomwa moja kila paja, mimi hata sijamaliza kushonwa, akalia kwa sauti yako ya kuitia wateja. Akamaliza na sindano zilizofuata. Wiki iliyopita wakampima damu. Nilikaa kwenye benchi la kliniki nikiwa nimeshika kitambaa cha mezani kwetu, sijui nilikibeba cha nini. Daktari alitoka, na mlango hakuufunga.

Hana, mama. Hana, na kinga anayo. Pleti imeishia kwangu.

Sasa nikueleze kilichonifanya niandike. Wiki ya kwanza niliogopa kumbusu. Daktari alishaniambia busu halipitishi, jasho halipitishi, kunyonyesha ninyonyeshe. Niliyajua yote kwa mpangilio, na bado nilikuwa nikimshika kama sahani ya moto. Siku moja nimempakata mapajani nikajikuta nakufikiria wewe mazishini. Mimi nilielezwa kila kitu nikaogopa. Wewe hukuelezwa kitu, ulichosikia ni kwamba mtoto huyu anaua, ukanifunga mgongoni.

Funga mashine mwezi huu uje. Nauli fundi anakutumia, ameshasema ngazi ataipanda tu mkwewe akiwa chini anaangalia.

Na uje na ile picha. Nitaisafisha, nitaitoa nakala tatu kwa wino mzuri: yako, yangu, na ya mtoto. Masikio ya mtoto ni ya yule mfupi, utayaona mwenyewe.

Mwanao