Chumba cha Vigae

4 Februari

Baba, shikamoo.

Habari za huko kwenye jengo? Mgongo unasemaje? Sisi huku wazima. Shangazi anakusalimu, anasema mtandao huko haushiki sawa, lakini kalamu zipo, na hata dada wa mtu huandikiwa mistari miwili.

Miezi mitano uliyonipa nimeianza. Makubaliano sijayasahau: wimbo niliourekodi mwenyewe hapa nyumbani usikike redioni kabla Juni haijaisha, la sivyo naenda kuwa karani wa stoo kwa mkandarasi wako. Kompyuta niliyoinunua kwa mtu inafanya kazi, ila ikipata moto inagoma. Nimejifunza kupanga ngoma, kuweka besi juu yake, halafu kinanda. Kila sauti inakaa kwenye mstari wake, naweza kuipunguza bila kugusa nyingine. Nimejifunza pia kwamba maiki haisogezwi mdomoni kama mtu anayetafuna hindi la kuchoma.

Tatizo ni chumba. Vile vigae ulivyoviweka kutoka sakafuni mpaka darini vinarudisha sauti. Mwimbaji wangu ni shangazi, anakuja akishafunga mitumba yake sokoni. Akiimba humu anasikika kama yuko bafuni. Naomba ruhusa nitoboe matundu sita tu, ukuta wa dirishani, nitundike mablanketi mazito.

Binti yako

19 Februari

Binti yangu, marahaba.

Mimi mzima, mgongo ni ule ule. Mwambie shangazi yako mistari miwili ya kwanza ni yake, asilalamike tena.

Kuhusu matundu: hapana. Watu wananitoa mji hadi mji nikawawekee vigae kama vile, na wewe uliyewekewa bure unataka kuvitoboa! Chumba kile nilikifanya wiki tatu, bila haraka. Tafuta mahali mstari umepinda, hutapaona. Leo mwanangu mwenyewe anakiita bafu. Haya.

Tena nakwambia wazi, ukitoboa kigae kimoja makubaliano yetu yamekufa siku hiyo hiyo, Juni hatuingoji. Mwambie shangazi yako aimbe polepole.

Baba yako

21 Machi

Baba, shikamoo. Hujambo huko? Hasira zimepoa? Sisi wazima.

Sikutoboa. Kwanza tulijaribu kurekodia ndani ya kabati, katikati ya nguo, maana mle sauti hairudi. Shangazi aliingia nusu. Nusu ya pili ilikataa, tukacheka mpaka bawaba ikang'oka. Nimeirudishia. Kisha tukazungusha marobota yake ya mitumba, tukasimamisha magodoro mawili juu ya viti, akaimba humo katikati huku jasho linamtoka na matusi nayapokea mimi. Mwangwi umepungua, haujaisha.

Wimbo nimeupeleka redioni. Nakala nampa dereva wa lori linaloleta saruji huko kwenu, iko kwenye memori kadi. Tafadhali usikilize, hata kama bado umeninunia.

Binti yako

6 Mei

Baba, shikamoo. Huku hatujambo, hofu ni kwako.

Dereva anasema kadi alikukabidhi mkononi. Wiki sita sasa, hata neno. Kama unaumwa, niambie. Kama umenuna, niambie pia, nijue moja.

Redio wamejibu. Mtangazaji anasema wimbo ni mzuri lakini haujakaa sawa, niurekebishe niurudishe. Nikamwuliza haujakaa sawa wapi, akasema yeye ni mtangazaji, si fundi. Kwenye hedifoni zangu uko safi. Kwenye redio ya jirani unasikika mwembamba, kama umeishiwa damu. Nimeusikiliza mara nyingi mpaka sisikii chochote tena. Naogopa, Baba. Naogopa kwamba sina masikio ya kazi hii, na kwamba wewe ulilijua hilo tangu mwanzo.

Binti yako

21 Mei

Marahaba, binti yangu. Siumwi. Nilinuna, kweli, wiki mbili. Zilizobaki nilikuwa nasikiliza.

Hujawahi kuniona nikikagua kazi. Vigae vikikauka navigonga kimoja kimoja kwa mpini wa nyundo. Kilichoshika kinatoa sauti nzito, fupi. Ambacho chini hakina saruji kinalia kitupu, hata kama kwa macho kimenyooka. Wimbo wako nimeugonga hivyo hivyo. Nimeusikiliza kwenye simu ya fundi rangi, nikausikiliza kwenye redio ya walinzi, nikausikiliza stoo katikati ya mifuko ya saruji. Ubeti wa pili chini ni mtupu. Ngoma inaendelea, lakini kile kitu kizito ulichoanza nacho kimepotea. Mwishoni kinanda kinamkanyaga shangazi yako, maneno hayasikiki.

Na usigonge kutwa nzima. Mimi nakagua asubuhi, masikio yakiwa mapya, naweka alama ya chaki, naondoka. Kurekebisha ni baadaye. Ukigonga huku unarekebisha, ikifika saa sita mchana vigae vyote vinalia sawa.

Masikio unayo. Umeyapata kwangu, hujui tu. Vigae usiguse.

Baba yako

30 Juni

Baba, shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima.

Ulisema kweli. Besi ya ubeti wa pili nilikuwa nimeizima mwenyewe nikijaribu kitu, nikasahau kuiwasha. Nilivyokuwa nimeuzoea wimbo, niliisikia hata ilipokuwa haipo! Kinanda nimekishusha. Mwangwi umebaki kwenye kiitikio, huo sina la kuufanya. Niliurudisha wimbo redioni tarehe tano, na nakala yako nikampa dereva siku hiyo hiyo.

Leo ni mwisho wa mwezi na haujapigwa. Mtangazaji anasema nafasi zimejaa, labda Agosti. Labda haimo kwenye makubaliano yetu. Kompyuta nimeifunika, na tarehe kumi na tano nitaripoti kwa mkandarasi kama nilivyoahidi. Sikulaumu. Nimelia, sikufichi. Shangazi naye amelia, ila yeye kwa sauti nzuri zaidi.

Binti yako

8 Julai

Binti yangu, marahaba. Msalimie shangazi yako, mwambie safari hii salamu ni zake peke yake.

Nakala mpya niliipata mapema. Sikukuandikia kwa sababu ya aibu. Nilikuwa napanga vigae vya ukumbi wa ghorofa ya pili, fundi rangi akauweka wimbo wako kwenye simu yake. Nikaufuata ule ubeti wa pili, nione kama umeshika. Umeshika. Niliporudisha macho sakafuni, safu nzima ilikuwa imekwenda kombo. Mimi! Miaka ishirini na sita sijawahi kupinda safu. Fundi rangi alicheka mpaka akakalia ndoo ya rangi yake. Nikaving'oa vyote kumi na vinne kwa mkono wangu mwenyewe, na sikufa.

Kwa mkandarasi usiende. Nimeshamwambia ile nafasi ampe mtu mwingine, binti yangu ana kazi. Redio wakiupiga Agosti sawa, wasipoupiga shauri yao.

Dereva amebeba patasi yangu pana na nyundo. Hivyo vigae vya chumba chako vimekauka siku nyingi, havitatoka kirahisi. Anza kona ya juu ya ukuta wa dirishani, usianzie katikati. Vaa miwani, vipande vinaruka. Vingi vitavunjika, usivihurumie. Ng'oa ukuta mzima, tundika mablanketi yako, halafu mrekodi kiitikio upya.

Shangazi yako asikae humo ukipiga patasi. Vumbi litamharibia koo, na bado hatujamaliza.

Baba yako