Makasi ya Maman Mbele ya Juri

Jumatatu, 15 Aprili

Fishi ya somo, yaani andalio la kufundishia, mara ya tatu. Ya pili ilirudishwa na wino mwekundu: lengo halipimiki. Sawa. Sasa linapimika. Ijumaa saa mbili asubuhi nasimama mbele ya juri ya watahini, darasa la tatu sekondari, kule Ibanda. Nikipita, mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Nikianguka, narudia mwaka mzima, na Maman hana nguvu ya kunisomesha tena.

Tulichagua mada kwa kura. Mimi nimeangukiwa na vitu ambavyo mkononi ni kimoja lakini Kiingereza huvitaja kama vingi: trousers, glasses, scissors. Wenzangu walinionea huruma. Mimi nilitaka kuruka. Mada gani nyingine inaingia darasani ndani ya kikapu?

Jumanne, 16 Aprili

Juri inataka vitu halisi, si michoro. Majirani wote hapa Bagira wameingia kazini. Papa Deo, fundi wa pikipiki, amenipa koleo, pliers kwa Kiingereza. Katekista ametoa miwani yake ya akiba. Suruali ninayo. Nafanya mazoezi kwa sauti nikimenya viazi, Maman akishona. Usingizi hauji, kwa furaha.

Jumatano, 17 Aprili

Nimeharibu.

Nilikuwa nakata katoni za kuandikia maneno, nikachukua makasi ya Maman. Ile kubwa, ya vitambaa. Mimi, mtoto wa fundi wa nguo. Karatasi huua makali, nalijua hilo tangu utotoni. Jioni kitambaa cha nguo za harusi za mteja kikatafunwa badala ya kukatika. Maman akaitazama makasi, akatazama vipande vya katoni sakafuni.

"Hii makasi iko ya kitambala. Haitatoka tena mu hii nyumba bila miye."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Najichukia.

Alhamisi, 18 Aprili

Makasi imenolewa sokoni. Imerudi kali. Sithubutu kuiomba. Nimezunguka kwa mafundi wengine: hakuna anayeazima yake, na sasa siwezi kuwalaumu. Basi. Nitafundisha scissors kwa mchoro, juri wakate maksi wakitaka. Hofu na furaha, sijui ipi imezidi.

Ijumaa, 19 Aprili

Naandika kabla ya kuvua viatu.

Dakika ya kumi na tano. Koleo, miwani na suruali vimekwisha. Nabandika mchoro ubaoni, juri wanaandika kitu. Mlango unagongwa. Maman. Kikwembe, kitenge chake cha kwenda misa, makasi imefungwa kwenye kitambaa, imekumbatiwa.

"Munisamehe, ba Papa. Hii makasi haiazimwe. Njo maana nimeileta miye mwenyewe."

Mmoja wa juri alikunja uso. Sikumpa nafasi. Nilimkaribisha Maman mbele, nikamwomba akate. Alikuwa na kipande cha kitambaa mfukoni, fundi hakosi. Akachora juu yake mguu wa suruali kwa chaki yangu, akakata polepole, mstari umenyooka. Darasa lilisimama juu ya madawati. Kila alipokata, walisema sentensi nzima ya scissors kwa Kiingereza, bila mimi kuwaongoza. Mtoto ambaye tangu mwanzo hakufungua mdomo alisema kwa sauti kuliko wote. Yule wa uso uliokunjamana alisogeza kiti mbele.

Nimepita. Na distinction, daraja la juu. Nimepita, nimepita, nimepita.

Jumapili, 21 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Nguo za harusi ziliondoka jana, kwa wakati. Baada ya misa Maman alilala kidogo. Sasa tunakunywa chai.

Nilimuuliza aliona nini darasani, pale alipokaa dawati la nyuma kusubiri nimalize. Shule aliiacha mwaka wa tatu wa primeri.

"Uliuliza: makasi mu Kiingereza inaitwa namna gani? Jibu nilikuwa nalijua. Nilitaka kunyanyua mukono, nikasikia haya."

Nikamwongezea chai. Kisha nikamuuliza swali lile lile, kwa sauti ya darasani. Akaweka kikombe chini, akanyanyua mkono.