Kipimo cha Kikombe

Mdogo wangu wa pekee,

Nakusalimu kwa moyo wote, nikitumaini kwamba goti lako limepoa na kwamba sasa unapanda ngazi bila kushika ukuta. Mimi ni mzima wa mwili. Kikohozi changu unakijua, tumezeeka pamoja. Wifi yako anakusalimu, na anasema blauzi uliyomshonea imemkaa vizuri hata hataki kuivua.

Barua yako niliipata Jumanne. Umeniandikia kwamba mwanao hatoki chumbani, kwamba hajafungua mapazia tangu kamati imsimamishe kurusha ndege, na kwamba wapakiaji mizigo wa uwanjani wamempa jina la Kiziwi. Kisha ukanishukuru kwa kusimama naye mbele ya kamati. Shukrani hizo zimenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Tafadhali soma barua hii ukiwa umeketi, na usimpe mtu mwingine kabla hujaimaliza.

Unakumbuka kwamba mwanzoni mwa mwaka ile ndege ya viti vinne anayoirusha ililetwa karakanani kwetu kubadilishiwa redio. Antena ya zamani ilikuwa juu ya paa, karibu mno na antena nyingine, zikawa zinasumbuana. Niliamua kuiweka mpya nyuma kabisa, mgongoni mwa ndege, jirani na mkia. Kwa kuwa safari ya waya ingekuwa ndefu, nilichagua waya mnene, maana ule mwembamba hupoteza nguvu njiani.

Fundi mwenzangu, yule mwanamke tunayemwita Sindano kwa sababu vidole vyake hufika pasipofika bisibisi, hakukubali. Alisema antena ikae chini ya tumbo la ndege, mbali kidogo na magurudumu, na waya uwe mwembamba na mfupi, kwani nyuma ya sehemu ya mizigo kuna kona kali ambayo waya mnene hautaipita kwa amani. Akanitania kwamba mimi nataka ndege iwe na mkia wa tausi. Nilimjibu kwamba nilikuwa nikichagua nyaya yeye akiwa bado ananyonya. Mafundi wakacheka. Yeye akasema tu kwamba waya haujui umri wa fundi, akarudi kwenye kazi yake.

Kanuni yangu unaijua, maana ndiyo iliyonipa jina la Mzee Kikombe: waya wa antena usipindwe zaidi ya mviringo wa kikombe cha chai. Mwanao alipokuwa akisomea urubani alikuja karakanani, nikamfundisha kwa kikombe changu cha bati. Waya huu una shaba katikati, plastiki nyeupe laini imeizunguka shaba, na juu ya plastiki kuna wavu wa nyuzi za chuma. Ukiupinda sana, shaba hujisukuma polepole ndani ya plastiki, hasa penye joto, mpaka iguse wavu. Hapo redio hunyamaza. Alilishika somo hilo upesi kuliko mafundi wangu.

Siku ya tukio alipewa ruhusa ya kutua. Kisha mnara wa kuongozea ndege ukamwambia apae azunguke tena, kwa kuwa ndege nyingine ilikuwa imekwama kwenye njia ya kutulia. Hakuzunguka. Alitua, akasimama hatua ishirini nyuma ya ndege ile, akiwa na abiria watatu. Aliiambia kamati kwamba hakusikia chochote ila mlio kama wa mafuta yanayochemka kikaangoni, na kwamba aliita mara mbili. Mimi nilipoulizwa, nilisema redio ilipimwa ndege ikiwa chini na ikaonekana nzima, na kwamba kazi yangu haina dosari. Nikaongeza kwamba kijana huyu ana tabia njema na anastahili huruma. Hayo ndiyo uliyonishukuria.

Sasa nakuambia nililolificha. Waya mnene haukuipita kona ile. Kuutoa kulimaanisha kukiri mbele ya karakana nzima kwamba Sindano alikuwa sahihi. Nilisubiri aende kula, nikaukunja kwa kidole gumba, nikaufunga kwa nguvu, nikapima. Kipimo kikasoma vizuri. Nikatia sahihi.

Wiki moja baada ya kikao cha kamati, ndege ililetwa kwa ukaguzi. Nilitia mkono nyuma ya mizigo na kuusogeza waya kidogo tu; mshale wa kipimo ukaruka. Nilikata kipande cha kona. Shaba ilikuwa imehama kutoka katikati, ikalala ubavuni, ikiugusa wavu. Mwanao hakuwa kiziwi. Mimi ndiye niliyemziba masikio, kisha nikamwombea huruma. Niliweka waya mpya nikanyamaza siku kumi na tisa, hadi barua yako iliponifikia.

Jana nilimweleza Sindano. Hakunicheka, ningefurahi kama angenicheka. Alinisaidia kukipasua kipande kile kwa urefu, kikawa nusu mbili. Nusu moja nimeipeleka kwa kamati mimi mwenyewe, pamoja na maelezo yenye sahihi yangu, na mwenyekiti ameipokea mkononi. Watakaa Jumatatu. Sitatia tena sahihi kwenye ndege yoyote, na ufunguo wa kabati la vipimo nimemkabidhi Sindano.

Nusu ya pili imo katika bahasha hii. Mpelekee mwanao pamoja na kikombe chochote cha chai. Usimweleze neno. Atakilaza kipande ubavuni mwa kikombe, ataona pengo pale kilipokunjwa, na atajua ni mkono wa nani uliokipinda. Jumamosi nitakuja kusimama mlangoni kwenu. Asipotaka kufungua, msimlazimishe. Nitazungumza nikiwa nje.

Wasalimie wote wa nyumbani, nawe ulitunze goti lako.

Ni mimi kaka yako, mjomba wa rubani.