Godoro Ulilohamishia Chumba cha Mahindi

Mpendwa Baba Yohani,

Nakuandikia mchana, watoto wako shambani Sigino na nyumba imekuwa kubwa kupita kiasi.

Damu ya kwanza kwenye mkojo uliitaja kama mtu anayetaja mbuzi aliyeingia shambani. "Kichocho tu, Mama Yohani. Nani amekulia Nangara, akaoga ziwani, akakosa kichocho?" Ukameza vidonge, ikakata, ikarudi. Hapa kwetu mwanamume akikojoa damu hashtuki, na hilo ndilo lililotuchelewesha.

Tulifika hospitali ya rufaa juu ya lori la mahindi, maana mabasi hayakuwa na dizeli. Daktari alipima, akakuta saratani ya kibofu, akatueleza bila haraka. Kama saratani ingekuwa bado kwenye ngozi ya ndani ya kibofu, wangepitisha chombo njia ya mkojo na kuikwangua, kisha uwe unarudi kuchunguzwa. Kama ingekuwa imesambaa mwilini, wangekupa mionzi na dawa za kutuliza maumivu tu. Yako ilikuwa katikati, imeshaingia kwenye nyama ya kibofu. Ilibidi kitolewe chote, mkojo utokee tumboni kwenye mfuko, maisha yako yote. Uliniangalia mimi, si yeye.

"Kitolewe," nikasema. "Niliolewa na wewe, sikuolewa na kibofu." Ukacheka, mgonjwa wewe.

Ukapona kweli. Watu wakanipongeza. Hawakujua kwamba siku tuliyorudi ulihamishia godoro lako chumba cha mahindi. Mifuko ya hospitali ilipoisha tulifunga glovu tumboni ikinge mkojo. Sabuni haikuonekana dukani, nikafua shuka zako kwa majani ya mpapai.

"Nanuka," ulisema.

Nikakujibu kwamba nimekulia zizini, harufu nazijua zote. Safari hiyo hukucheka. Kila nilipogonga mlango ulisema kwa upole, "Nenda kalale, mke wangu." Nilikuwa mpweke, Baba Yohani, na mume wangu anakohoa nyuma ya ukuta.

Tuliishi hivyo miaka miwili. Kisha saratani ikarudi, sasa kwenye mifupa, na daktari akabaki na dawa ya maumivu tu.

Asubuhi ulipokata roho, dada zako walinishika mkono wanitoe nje. Nikakataa. Nikapanda kwenye godoro lako, nikalala ubavuni mwako, uso begani. Walisema nimechanganyikiwa kwa uchungu. Waache waseme. Nilikuwa mahali pangu.

Pumzika sasa, mume wangu.

Mkeo,
Mama Yohani