Vijiti Vitatu na Damu Yangu

Jumapili, 3 Machi
Kidole changu kimetoboka kama chujio la chai. Mke mwenzangu kanidunga tena. Ni mjukuu wangu, lakini jina hilo nilimpa siku babu yake alipompakata akasahau kwamba ana mke. Herufi hizi pia kanifundisha yeye, kwa hiyo makosa yakiwepo ni yake.

Anatengeneza vijiti vya kupima dawa yangu ya moyo iliyomo kwenye damu. Kijiti kidogo kama ukucha, ncha yake dhahabu. Juu ya dhahabu kapandikiza nyuzi za DNA, hazionekani hata ukiazima miwani. Dawa ikipita, uzi unaikumbatia, unajikunja, umeme unabadilika, mashine inataja namba. Nikamwambia dhahabu hiyo si bora ungenitia masikioni. Eti ni utando tu, haitoshi sikio la mbu.

Leo vijiti vitatu, tone moja la damu, majibu matatu. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka.

Jumanne, 5 Machi
Kumbe mkosaji ni damu yangu. Inanata, inaganda juu ya dhahabu kama ukoko wa uji chini ya sufuria. Nyuzi zinabanwa, nyingine zinang'oka. Kaweka kitu kingine katikati ya nyuzi, damu isipate pa kukalia.

Jioni kajaribu tena. Vijiti vyote vitatu neno moja! Akaninyanyua juu, mimi na nyonga zangu hizi. Nikamwambia nishushe, ukinivunja utampima nani.

Ijumaa anavionyesha kwa mkuu wake wa maabara. Vikikataa, kazi yote inafungwa na yeye anatafuta pengine. Damu yangu imealikwa. Mimi naisindikiza.

Jumatano, 6 Machi
Nilikuwa namenya vitunguu, yeye yuko kwenye simu na mwenzake wa kazini. Anasema namba ya Bibi iko chini. Kwa moyo haina ubaya, ila huko chini ndiko vijiti vinakobabaika. Ingekuwa juu kidogo angelala usingizi.

Juu kidogo. Hiyo tu?

Kopo la vidonge nalishika mwenyewe. Alishataka kunipokonya, eti nasahau, eti dawa hii haina mchezo. Nikamwambia siku ukinihesabia vidonge, nifunge na bibu la mtoto kifuani kabisa. Tukakubaliana. Kimoja kila usiku, na nikivuruga mara moja tu kopo ni lake.

Leo nimemeza viwili. Mtoto alale.

Alhamisi, 7 Machi
Viwili tena. Uji haushuki, tumbo linazunguka. Nimemwambia ni woga wa wageni. Akaniangalia. "Bibi, wewe? Tangu lini?"

Ijumaa, 8 Machi
Naandika nikiwa kwenye benchi, maabara kwao. Baridi humu kama ndani ya friji, na kila mtu kavaa koti jeupe kama wachinjaji siku ya kwanza kazini.

Mkuu ni mwanamke mrefu, hacheki. Aliniamkia vizuri, akanivutia kiti. Nikadungwa. Vijiti vitatu vikasema neno moja. Nikaanza kupiga makofi, nikaona napiga peke yangu.

Namba imepaa. Si juu kidogo. Juu mno.

Mke mwenzangu akawa kama kamwagiwa maji. Akasema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba Jumanne namba ilikuwa chini na dozi haijabadilika, basi vijiti vyake haviaminiki. Vyote vitatu vimekosea pamoja.

Mkuu akauliza, una hakika dozi ni ile ile?

"Bibi yangu ana maneno makali," akasema, "lakini hanidanganyi."

Hapo nikauvuta mkoba wangu mapajani.

Mkuu kaitwa nje kidogo. Akirudi ataandika kwamba vijiti vimeshindwa. Mke mwenzangu anakusanya vitu vyake. Halii. Angelia ningejua la kufanya. Anavikusanya vile vijiti kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayeokota vipande vya sahani aliyoipenda. Kafungua ndoo ya taka kwa mguu.

Nimesema, usitupe.

Anauliza kwa nini.

Nimemwambia asubiri, bibi yake anaandika.

Anasubiri. Mguu bado uko kwenye ndoo, mkono kiunoni, kama mimi nilivyokuwa nikimsubiri babu yake ajieleze. Sasa anautazama mkoba wangu. Kopo limo ndani, na vidonge vikihesabiwa leo vitapungua viwili. Nikilitoa hapa sirudi nalo nyumbani.

Vijiti havikukosea hata kimoja. Mkono mmoja unaandika, mwingine unafungua zipu.