Machozi ya Mate

Studio ya Picha,
Soko la Kebirigo,
S.L.P. 31, Nyamira.

Tarehe 18 Julai 1971

Mpendwa dada Bochaberi,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa mwili, na kwamba baridi ya Uingereza haijakushinda wala kazi ya wodini haijakuchosha mno. Sisi tu wazima, ila mioyo haijatulia tangu tulipomzika Nyanya Mong'ina. Pole tena, dada. Najua habari ilikupata mbali, na huna mtu wa kulia naye.

Mvua ni nyingi Gesima, na chai inachipuka vizuri.

Kamera uliyonitumia inafanya kazi, ingawa unyevu wa huku ulitaka kuotesha kuvu ndani ya lenzi. Siku hizi naiweka katika mkebe wenye makaa makavu. Watu wa sokoni bado hawaamini nikiwaambia kwamba mpigaji hatazami kupitia lenzi. Jicho langu liko kwenye kidirisha cha pembeni. Humo naona sura ya mtu mara mbili. Nazungusha lenzi mpaka zile sura mbili zilaliane ziwe moja, ndipo nafyatua. Nakueleza haya kwa sababu bila hayo hutaelewa yaliyotokea mazishini.

Dada, nataka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa Baba Mdogo Ogari. Nimechukizwa naye sana.

Lile blanketi la sufu ulilotuma kwake Nakuru ili amletee mama yake halikufika Gesima. Nilipita kwake mwezi wa pili nikaliona limetandikwa juu ya kochi, limemwagikiwa uji. Nilipouliza, alisema atalileta Pasaka. Pasaka ikapita. Nyanya alikohoa msimu mzima chini ya magunia ya kahawa aliyoyashona pamoja. Shangazi Nyamoita ndiye aliyemwosha na kumlisha. Ogari hakutia mguu.

Siku ya mazishi ndipo alipokuja, na koti jeusi jipya, pamoja na rafiki yake wa ofisini aitwaye Nyangau. Hakwenda kwa Shangazi kumpa pole. Alikuja moja kwa moja kwangu.

"Joash, unayo ile lenzi ndefu? Weka hiyo. Nataka uso wangu uonekane vizuri, maana picha moja itakwenda kwa Bochaberi."

Nikaiweka. Jeneza lilikuwa bado wazi uani, na akina mama wakiimba. Ogari akamwinamia Nyanya. Nikazungusha lenzi, sura zake mbili zikasogeleana, zikalaliana, na hapo nikaona jambo ambalo natamani nisingeliona. Alilamba vidole viwili, akajipaka mate chini ya macho, jicho hili na jicho lile. Kisha akakunja uso kama mtu anayelia, akaninong'oneza, "Piga sasa, kabla hayajakauka."

Mate, dada! Tena mbele ya mama yake mzazi aliyelala pale akiwa amekonda kama kijiti!

Nilishusha kamera, nikafunika lenzi kwa kifuniko chake. "Sipigi, Baba Mdogo."

"Wewe ni nani wa kunikatalia kwa mama yangu?"

Akaivuta kutoka shingoni mwangu hata mkanda ukanichubua sikio, akampa Nyangau. Nyangau akatia jicho kwenye kidirisha. Alimwona Ogari, akaona jeneza, akaona kila kitu, akawa anafyatua na kuvuta filamu mpaka ikaisha. Kifuniko kilikuwa pale pale juu ya lenzi. Mimi nilikuwa nakitazama. Sikumwambia, na hata ingekuwa leo nisingemwambia.

Nilipoisafisha filamu ile, picha zangu za asubuhi zilitoka safi. Moja nimekutilia humu: Shangazi anamfunga Nyanya kitambaa cha kichwa kwa mara ya mwisho. Zilizofuata zilikuwa wazi kama kioo cha dirisha, hakuna mtu, hakuna kitu.

Ogari alikuja dukani akabweka mbele ya wateja kwamba nimemroga.

"Rafiki yako hakutoa kifuniko," nikamwambia.

"Mbona alituona?"

"Aliona kwa dirisha. Filamu haina dirisha."

Nilidhani aibu itamrudisha Nakuru. Wapi! Jumapili iliyofuata alileta mpiga picha kutoka mjini Kisii, akatuma watu wawaite akina mama wa jirani. Walikuja wakidhani ni maombi. Akaanza kuwapanga kando ya kaburi kama mtu anayepanga viti: wewe inama, wewe shika kichwa, wewe piga yowe nikikupa ishara. Mama mmoja mzee alianza kweli kuinama, kwa heshima ya marehemu tu.

Shangazi Nyamoita akatoka jikoni, mikono imejaa unga wa wimbi. Hakupaza sauti. Akamwinua yule mama kwa kiwiko, kisha akamgeukia kaka yake.

"Mama alikufa mara moja, nasi tulimlilia mara moja, tukamaliza. Anayedaiwa machozi hapa ni wewe. Lia, tunakutazama."

Akina mama wakafunga kanga zao viunoni, wakashuka naye Shangazi njia ya mtoni, bila hata mmoja kugeuka nyuma.

Mpiga picha wa watu alikuwa amekwisha kufika, akapiga alichokikuta. Nasikia picha hiyo imewekwa posta kuja kwako. Utaona mtu mwenye koti jeusi amesimama kaburini peke yake. Usidhani wengine walichelewa. Walikuwapo, wakaondoka.

Shangazi anakusalimu sana. Anakuomba usijilaumu kwa lolote. Mke wangu Kwamboka, na Orpah wa kwa mjomba, wanakusalimu pia. Mungu aliyempokea Nyanya akufunike wewe huko ugenini, akurudishe kwetu salama.

Ni mimi nduguyo nikupendaye, wa mbali kwa njia tu,

Joash